Nikate au nisikate?

Leo naomba tuweke kando siasa na bei ya mafuta, tuzungumze suruali. Ndiyo, suruali. Tena si zile kadeti tunazovaa kwenda kwenye semina za hotelini. Nazungumzia suruali za kazi: kitambaa cha turubai, magoti ya kitambaa mara mbili, mifuko kila upande, zile ambazo zikikauka kambani unadhani kuna mtu ndani. Ninazo tatu. Kwa asili si zangu, ni za mjomba wangu, na kwa miezi miwili sasa nahangaika na fundi ili zinikae mwilini. Mshkaji mmoja pale chumba cha habari akaniuliza nahangaika na nini wakati Karume jinzi za kubana zimejaa na bei mnapatana. Swali zuri. Nitalijibu, ila kwa kuzunguka kidogo, mnivumilie.

Tuanze na mjomba mwenyewe. Ni kaka yake mama, tumbo moja, na kama ilivyo kwetu yeye ananiita mjomba na mimi namwita mjomba, mpaka majirani zake wa Tandika hawajui nani anaitwa. Kazi yake ni kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, na miaka ya karibuni mapaa ya maghala. Mwishoni mwa mwaka jana, kwenye ghala moja lililokuwa linajengwa nje ya mji, ngazi ilimponyoka miguuni, akaja chini. Mfupa wa paja ukavunjika. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa chuma ndani. Yeye ndiye wa kwanza kulifanyia utani. Anasema amechomelea chuma miaka ishirini na tano, sasa chuma kimeamua kumchomelea yeye.

Siku moja nimekwenda kumjulia hali, akamtuma binti yake alete mfuko wa shangazi kaja kutoka chumbani. Ndani mna suruali tatu zimefuliwa na kukunjwa.

"Chukua, mjomba. Wewe unazunguka kwenye matope ya mji huu, zitakufaa. Mimi mambo ya paa basi tena."

Nilishukuru, nikapokea. Zilinifaa kweli, maana mimi ni wale waandishi wanaolipwa kwa habari iliyotoka. Habari haijatoka, hujala. Kwa hiyo ninakwenda popote: Jangwani maji yakijaa, Kariakoo wamachinga wakihamishwa, machimbo ya mchanga, bandarini. Nusu ya siku niko juu ya bodaboda, nusu nimechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta naandika. Jinzi zangu mbili za kubana zilikwisha msamba ndani ya mwaka mmoja. Si msamba tu, hadhi nayo ilikwisha, maana moja ilipasuka kwenye mkutano wa hadhara mbele ya mkuu wa wilaya.

Natoka zangu na mfuko begani, mkaza mjomba akanisindikiza mpaka kwenye barabara ya daladala. Kumsindikiza mgeni ni kawaida yake, lakini siku ile alitembea taratibu. Tulipofika akasema kwa sauti ya chini, "Vaa, mwanangu, wala sikukatazi. Lakini usizikate. Yule anasema tu. Mguu ukipona atazitafuta."

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mjomba kiuno chake ni inchi 36, mimi 32 na mapaja ya korongo. Urefu tunalingana, namshukuru Mungu kwa hilo. Kuzivaa zilivyo haiwezekani: mkanda unakunja kitambaa cha kiunoni kinakuwa vidonge vinavyochoma tumbo, na mguu wa suruali unapepea mpaka unataka kunasa kwenye gea ya pikipiki. Lazima zipunguzwe. Na suruali nzito, kila fundi atakwambia, haipunguzwi bila mkasi.

Nieleze kwa wale ambao hawajawahi kusimama na fundi kuanzia mwanzo wa kazi mpaka mwisho. Kadeti au suruali ya kitambaa chepesi, fundi anaweza kupiga mshono mpya ndani ya ule wa zamani, kile kilichozidi akakiacha ndani, na wewe usijue kama kipo. Turubai halikubali. Suruali za mjomba ni za aina ile ambayo kitambaa chake kina wakia 12 kwa yadi ya mraba, yaani karibu gramu 400 kwa mita ya mraba. Shati jepesi la ofisini ni kama gramu 120. Sasa ukiacha ndani inchi nzima ya kitu cha namna hiyo, tena kwenye goti ambako kitambaa kimeshapandishwa mara mbili, unajijengea ukuta ndani ya mguu. Unasugua ngozi, haukauki ukifuliwa, na kwa nje suruali inatoka mgongo kama mjusi. Ndiyo maana mafundi wanakata. Wanapiga mshono, wanabakisha nusu inchi, kilichobaki kinaanguka chini ya cherehani na jioni kinafagiliwa.

Na kikishafagiliwa, suruali ya kiuno 36 hairudi tena duniani.

Kidogo kuhusu zilikotoka, maana nilikaa usiku mmoja nikisoma. Mojawapo lebo yake bado inasomeka, Carhartt. Hawa walianza mwaka 1889 huko Detroit, Marekani, wakiwashonea wafanyakazi wa reli. Lakini habari iliyonigusa ni ya nyuma zaidi. Katika mji wa Reno, jimbo la Nevada, kulikuwa na fundi cherehani mmoja, Jacob Davis, mhamiaji kutoka Riga. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 akajiwa na mwanamke ambaye mumewe alikuwa kibarua na suruali zake hazidumu. Fundi akachukua turubai, na pale panapochanika kila mara, kwenye pembe za mifuko, akagongelea vipini vya shaba. Biashara ikamzidi. Fedha za kusajili hataza hana, akamwandikia barua mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia vitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, washirikiane. Hataza ikatoka tarehe 20 Mei 1873. Jinzi zote tunazobana na kuchana magoti kwa makusudi zinatoka pale: mwanamke amesimama mbele ya fundi, anatetea suruali ya mumewe aliye kazini. Mkaza mjomba hajui kama ana mwenzake Nevada.

Za mjomba zilikuja kwa belo la mitumba kama nguo nyingine za mji huu. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ikomeshwe ndani ya miaka mitatu, Marekani ikatishia kutunyima nafasi ya kuuza bila ushuru chini ya AGOA, na mwishowe Rwanda peke yake ndiyo iliyokaza, mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Sisi wengine tuliendelea kuchagua Karume. Kama tulifanya vizuri au vibaya tutabishana siku nyingine. Ninachojua ni kwamba hakuna duka la suruali mpya Dar es Salaam ambalo mchomeleaji wa Tandika angeingia akatoka na turubai la namna ile kwa fedha aliyokuwa nayo.

Sasa fundi. Yuko Buguruni, kwenye baraza ya nyumba ya zamani, cherehani ya miguu Butterfly, pasi ya mkaa na nyundo ndogo ambayo mwanzoni sikuelewa ya nini. Umri umeshapita sabini. Nilielekezwa kwake na muuza kahawa baada ya mafundi vijana wawili kuzipima suruali kwa macho na kusema "nachapa leo leo, elfu tatu tu, bro." Hiyo haraka ndiyo iliyonikimbiza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete."

Hakunipima. Aliigeuza suruali ndani nje kwanza, akaivuta kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye mishono yote kama daktari anayetafuta uvimbe. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mwenyewe yuko hai?"

Nikamwambia yuko hai, anaumwa mguu, na nikamweleza maneno ya mkaza mjomba. Akaiweka suruali mapajani.

"Basi niambie mapema, kijana wangu. Nikate au nisikate?"

Nikamwambia nataka zinibane, lakini asikate. Akacheka kidogo, akasema hayo ni maneno mawili. Akanitaka nirudi jioni wateja wakipungua.

Jioni ile ndiyo niliyojifunza kwamba kubana suruali ni kuchagua mahali pa kubana na kuachana na kwingine. Mguu una mishono miwili. Kwenye suruali hizi ule wa nje, unaoshuka kutoka mfukoni, umelaliana: ncha mbili za kitambaa zimekunjwa moja ndani ya nyingine, halafu zikapigwa mistari mitatu ya uzi. Ukiufumua huo, kwa cherehani ya barazani huwezi kuurudisha ulivyokuwa. Wa ndani, unaotoka msambani, ni mshono wa kawaida, unafumuka kwa wembe. Kwenye jinzi nyingi ni kinyume, wa ndani ndio uliolaliana na wa nje ni wa kawaida, na ndiyo maana fundi aliyezoea jinzi huparamia upande wa nje bila kuangalia. Mzee alisema suruali ile ataiingilia kwa ndani tu, na mistari mitatu hataigusa.

Akanivalisha, akachukua chaki na futi. Nikajinyoosha kama tunavyofanya kwa mafundi wote, kifua mbele, tumbo ndani. Akasema, "Chuchumaa."

Nikachuchumaa pale barazani, watu wanapita. Akapima goti likiwa limekunjwa, kisha paja, kisha akaniambia nipande stuli kama napanda pikipiki. Goti lililokunjwa ni nene kuliko goti lililosimama, na turubai halivutiki. Hizi jinzi zetu za siku hizi zina nyuzi za mpira ndani yake, zinatusamehe, tumesahau kwamba nguo inatakiwa kuwa na nafasi ya mwili kufanya kazi. Baada ya goti akapima kisigino na mgongo wa unyayo kwa pamoja, kuzunguka. Kwangu ni inchi 13 na ushee. Pindo likiwa dogo kuliko hapo, utaivaa suruali siku ya kwanza kwa kusukuma na siku ya pili utaichana.

Nilipomwambia mimi nilikuwa nafikiria ibane zaidi, kama modo, aliweka chaki chini akaanza kusimulia, na hapa ndugu zangu ndipo niliposahau kama nilikuwa na habari ya kuandika usiku ule.

Mwaka 1968, Oktoba, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ilikuwa marufuku hapa Dar es Salaam kuvaa sketi fupi, mawigi, kutumia dawa za kuchubua ngozi, na kuvaa suruali za kubana. Hayo tulisoma Mlimani, kwenye somo la historia, yakapita kama sentensi moja. Mzee alikuwa kijana anayejifunza kazi kwenye duka la fundi mmoja Kariakoo. Anasema Desemba yote walikuwa wakiachia suruali. Vijana wanakuja usiku na suruali zilizochongwa kama soksi wanataka zipanuliwe kabla ya mwaka mpya. Zile ambazo fundi wake alibakiza kitambaa ndani zilipona. Zile zilizokatwa, mwenyewe alizirudisha nyumbani akavaa ndani kama pajama.

"Toka siku hiyo," akasema, "kabla sijakata nauliza."

Baadaye zikaja pekosi, miguu mipana kama kengele, na waliokuwa na suruali nyembamba wakaletewa ujanja wa kuingiza kipande cha pembetatu chini ya goti. Kisha zikaja pana zenye marinda. Kisha modo, vijana wakataka zikabe mpaka kifundoni. "Nimewabana, nimewaachia, nimewabana tena," akasema. "Mwili ndio ule ule."

Kwa hiyo tulipatana hivi. Kutoka msambani mpaka katikati ya paja hagusi kitu. Kuanzia hapo anaingia taratibu, gotini anachukua nusu inchi kwa kila upande wa mshono, na chini ya goti ndipo anapobana kweli, inchi moja kila upande. Pindo lililokuwa inchi 18 kuzunguka likabaki 16. Kwenye karatasi unaona ni kidogo. Mguuni ni habari nyingine, maana jicho linaangalia chini ya goti. Huko ndiko suruali inakoonekana imekaa au imevaliwa na mtu mwingine.

Kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikifungua, upande mmoja ukalala mbele na wa pili nyuma, akakipiga pasi ya mkaa kwa kitambaa chenye maji, kisha ile nyundo nikaijua kazi yake: pale mishono inapokutana na kitambaa kuwa kinene alikigonga taratibu juu ya kipande cha ubao mpaka kikalala. Halafu akakishikiza kwa mkono, bandi ndefu ndefu. Gotini, kwa kuwa pana vitambaa viwili, sindano yake ilinasa kile cha ndani tu, kwa nje huoni kitu. Upande wa nyuma vinaonekana vidoti vidogo kama vya kuumwa na mbu. Mshono wenyewe alitumia sindano namba 18 na uzi mnene wa jinzi, hatua ndefu, na kwenye sehemu nene aliacha kukanyaga kabisa akazungusha gurudumu kwa mkono, sindano ikashuka moja, ikapanda, ikashuka. Anasema sindano haivunjwi na kitambaa, inavunjwa na haraka.

Kiuno ndiko tulikokwama. Mkanda wa kiunoni ni kipande kimoja kinachozunguka, huwezi kuupunguza bila kuukata nyuma katikati. Alinionyesha: mkato mmoja, chini ya kitanzi cha mkanda, achukue inchi mbili jumla, azifiche ndani. Zaidi ya hapo mifuko ya nyuma ingesogeleana mpaka ikabusiana, na inchi mbili zilizobaki nijaze na mkanda. Siku ikija ya kurudisha, kiuno kitapungua kama nusu inchi kwa ajili ya kiungo, na kiungo chenyewe kitafichwa na kitanzi.

Nilitoka nje ya baraza nikampigia mkaza mjomba.

"Mkato mmoja tu?"

"Mmoja tu. Nyuma, chini ya kitanzi."

Kimya kidogo. Nasikia televisheni na mjomba anakohoa kwa mbali.

"Haya. Mmoja."

Likabaki suala la matundu. Suruali ya mchomeleaji haichakai kama ya mtu mwingine. Paja la kulia lina nyota ndogo ndogo za cheche, kama kumi na tano hivi, kila moja na ukingo mweusi. Na suruali ya pili ilikuwa imeachia msambani, karibu inchi tatu. Nyota zile fundi alizikata kingo zilizoungua, maana nyuzi zilizoungua hazishiki chochote, akaweka kiraka kimoja kikubwa kwa ndani kuliko kushona kumi na tano. Msambani ndiko penye elimu. Kiraka kinaingia kwa ndani, pembe zake zinakatwa mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanza kuinuka na kuchanika, na nyuzi za kiraka lazima zielekee zinakoelekea nyuzi za suruali, la sivyo ukikaa kimoja kinavutika huku kingine kule. Kisha akatililia juu yake, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka ule mpasuko ukawa kama kovu la chanjo.

Sasa tatizo: kiraka kinatoka wapi? Kwa kawaida kinatoka kwenye vipande vilivyokatwa suruali ikipunguzwa. Kitambaa kile kile, rangi ile ile. Sisi hatukukata, kwa hiyo hatuna vipande. Mzee alipekua kikapu chake akatoa kipande cha turubai la pamba la lori la zamani, rangi ya majani makavu. Suruali ni kahawia. Aliniambia nikalifue kwanza mara mbili kwa maji ya moto, maana kitambaa kikinywea baada ya kushonwa kinaivuta suruali yote iwe na mikunjo. Nikafua. Mama mwenye nyumba wangu alidhani nimepata kazi bandarini.

Alinidai elfu nane kwa kila moja pamoja na viraka. Wapo mtakaosema ni nyingi kwa kupunguza. Nilikaa pale jioni nne, nikaona kazi ya siku mbili kwa suruali moja. Nililipa bila kuomba punguzo, jambo ambalo mimi kwa kawaida silifanyi hata kwa muuza karanga.

Nimevaa ya kwanza wiki tano sasa. Nisiwadanganye, ule mshono wa ndani unajulikana upo. Siku ya joto, juu ya bodaboda kutoka Mbagala, kitambaa kilichofichwa kinakukumbusha chini ya goti kwamba hakikukatwa. Kikilowa kinachukua siku mbili kukauka. Vijana wa ofisini wanasema imekaa fresh. Nami nasema kwa muonekano peke yake fundi kijana wa elfu tatu angenitoa zaidi. Hilo ni kweli na halina haja ya kufichwa.

Kuna kitu kingine nilikigundua nikizigeuza kufua. Mstari wa mshono wa zamani upo pale pale, rangi yake imebaki mbichi kwa sababu jua halikuufikia, na pembeni yake matundu ya sindano ya kiwandani yamejipanga kama mchwa. Hata zikirudishwa kesho, mjomba ataona mstari wa mshono wangu ulipopita. Turubai halisahau.

Jumapili iliyopita nilikwenda Tandika nimeivaa. Mjomba ameacha magongo mawili, anatembelea moja. Alinitazama kuanzia chini kwenda juu, akaniambia nisogee. Akainama kwa shida, akashika mguu wa suruali chini ya goti, akafinya mshono kwa vidole viwili, vile vidole vyake vilivyojaa makovu ya moto. Akafinya tena. Mkaza mjomba alikuwa anapepeta mchele mlangoni, ungo ukasimama.

"Fundi wako mvivu huyu," akasema. "Hakukata."

Nikamwambia ndiyo, mjomba, hakukata.

Akaitazama ile ya kijani pale kwenye paja, akauliza turubai lile limetoka wapi, nikamwambia la lori. Akatikisa kichwa, akasema la lori ni zuri, linavumilia cheche. Halafu akauliza, ile ya tatu iko wapi.

Iko Buguruni, imepigwa chaki tu. Miadi yake hospitali ni tarehe 14 mwezi ujao, watapiga picha waone mfupa umeshikaje. Nimempitia mzee jana nikamwambia aiache kwanza. Akasema haina neno, chaki ikifutika atapima upya, ila nimwambie mapema atampima nani.